Tairi za D-Max yangu ya maembe: kutoka 245 mpaka 265, na kwa nini niliishia hapo

Naandika hii kwasababu watu wananiuliza sana. Tangu gari ianze kuonekana imesimama tofauti pale sokoni, kila mtu ni "dada hizi namba ngapi, umeinua springi, haili mafuta sana?" na mimi siwezi kumjibu kila mtu vizuri nikiwa nashusha matenga na jua limeshapanda, basi wacha niyaweke yote mahali pamoja, anayetaka asome.

Kazi yangu ni maembe. Ngowe, boribo, na siku hizi apple ndio wanaulizia zaidi. Msimu ukiingia natoka Malindi alfajiri, navuka daraja la Sabaki, naingia Magarini mpaka Marafa na vijiji vya ndani kule, napakia kwa wakulima, narudi jioni, alafu mara mbili kwa wiki napeleka Mombasa, Kongowea. Kwahivo hii gari nusu ya maisha yake iko lami na nusu iko mchangani. Shika hapo, manake kila nilichoamua baadae kimetoka kwa hio nusu kwa nusu.

Gari ni Isuzu D-Max dabo kebini, fobaifo, dizeli ya 2.5, ya 2014. Nilinunua mkononi kwa mtu wa bara. Ilikuja na tairi 245/70R16 za barabarani, zile za mistari minne iliyonyooka ikazunguka tairi yote, na aliyeniuzia akaniapia kua tairi ni mpya. Na ukiangalia kweli meno yako juu, zinang'aa, zimepakwa ile dawa nyeusi. Mimi wakati huo sikujua kusoma tarehe. Kila tairi ubavuni ina maandishi ya DOT, na mwisho wake kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu kama yai, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, na mara nyingi iko upande mmoja tu, kama huioni nje itabidi ulale chini uangalie upande wa ndani. Zangu tatu zilikua 1215. Wiki ya 12 ya mwaka 2015! Na ya nne haikua hata ya kampuni moja na wenzake. Mpira unazeeka hata kama gari imelala, jua na joto vinaukausha, na watengenezaji wengi wenyewe wanasema ikifika miaka 10 itoe hata kama meno bado yapo. Nilipoinama nikaziangalia vizuri nikaona nyufa ndogo ndogo kama za kisigino kilichopasuka, pale ubavu unapokutana na ringi.

Lakini hata hapo nilikua nasema ntabadilisha msimu ukiisha. Vitu viwili ndio vilinitoa usingizini.

Cha kwanza, mchanga. Kuna kijito kikavu ukiacha barabara ya Marafa ukaingia ndani, mchanga wake mwekundu mlaini kama unga, ule mchanga wa Magarini ambao hata wataalamu wa miamba wameuita kwa jina hilo hilo la Magarini. Nilikua na kama kilo mia saba nyuma. Nikaingia na gia ya pili, katikati nikahisi gari inalegea, na badala ya kutulia nikakanyaga mafuta. Tairi za nyuma zikachimba, zikachimba, mpaka mchanga ukagusa difu, lile boga la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Nikaweka fobaifo, za mbele nazo zikaanza kuchimba za kwao. Saa nane mchana hio, maembe yako juani, mtoto wa dadangu ninaefanya nae kazi ameshashika panga anakata matawi ya kuweka chini ya tairi na matawi yanamezwa tu.

Akatokea mzee na mbuzi zake. Akasimama akaangalia, hakuuliza hata tumefikaje.

"Mwanangu, toa upepo."

"Mzee, nikitoa upepo ntarudi na nini?"

"Kwanza utoke. Ukishatoka ndio utajua utarudi na nini."

Tukatoa. Mtoto wa dadangu alibonyeza valvu na kijiti, tairi moja moja, mpaka tukaona tumbo la tairi limevimba chini na ukanda unaokanyaga umekua mrefu. Hicho ndio kitu nilichokiona kwa macho yangu siku hio na sijakisahau: nilidhani tairi ikipungua upepo inatanuka kwenda pembeni, kumbe inatanuka zaidi kwa urefu, mbele na nyuma, inalala chini kama mguu wa ngamia, uzito unagawanyika mahali pengi na mchanga unaubeba. Tukashusha nusu ya matenga, nikarudi kinyumenyume taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, ikatoka. Alafu tukatembea mwendo wa punda mpaka Marafa na tukajaza kwa pampu ya baiskeli, tairi nne, tukipokezana. Mikono iliuma siku mbili.

Cha pili ndio kilichouma mfukoni. Njia moja ya kuingia kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe upande wa Msabaha, nilikua nimeombwa nibebe mawe ya kumalizia ukuta. Ukanda huu wetu wote wa karibu na bahari chini ni matumbawe ya zamani, hata magofu ya Gede yamejengwa kwa mawe hayo hayo, na likivunjika upya lile jiwe linakata kama chupa. Likanichana ubavu wa tairi, mkato wa urefu wa kidole changu cha shahada. Nikapeleka kwa fundi mmoja, akanambia hii tunaishona, akaishona kweli kwa uzi mnene, akaweka kiraka ndani, akanihakikishia itanizika. Wiki tatu baadae naenda Kongowea nimejaza, nikahisi usukani unatetemeka, nikasimama kabla ya Kilifi, nikakuta pale penye mshono pametoka uvimbe kama embe dogo. Nilikua kwenye kilomita 80 kwa saa na watu wawili ndani. Nikikumbuka uvimbe ule mpaka leo nasisimka. Tafadhalini, pancha ya msumari kwenye meno inazibika vizuri tu, lakini ubavu ukichanika tairi hio imekufa, usikubali kushonewa. Ubavu ndio unaojikunja na kujikunjua kila mzunguko, hakuna uzi utakaovumilia hio kazi.

Basi nikaamua: tairi mpya nne, za njia zote, na kubwa kidogo. Hapo kwenye "kubwa kidogo" ndio ushauri ukaanza kumiminika. Vijana wa pale ninapoegesha gari waliniambia weka 285/75, gari itakua mnyama. Mwengine akasema 265/75. Fundi wangu wa Maweni, mtu mtaratibu sana, akanambia "mamangu, kabla hujanunua namba, jua namba inasema nini."

Na inasema hivi. Yangu 245/70R16: 245 ni upana kwa milimita, 70 ni kua kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya huo upana, na 16 ni ringi kwa inchi. Kwahivo ubavu ni milimita 171 na nusu, mara mbili ni 343, jumlisha ringi ambayo ni 406, unapata tairi yenye kimo cha kama milimita 749. Ukifanya hivo hivo kwa 265/70R16 unapata 777. Kwa 265/75R16 unapata 804. Kwa 285/75R16, 834. Nilikaa na simu yangu na daftari la maembe nikazipiga zote usiku mmoja.

Sasa angalia vizuri. Tairi ikiongezeka kimo, gari inainuka nusu tu ya hio nyongeza, manake nusu nyengine iko juu ya ekseli. Kwahivo 265/70 inaniinua milimita 14. Hata sentimita moja na nusu haifiki. 265/75 inaniinua 27. Watu wanaongea kama vile ukiweka tairi kubwa gari inapaa, na mimi nilitarajia hivo, lakini difu yangu imepanda sentimita moja na kitu basi. Faida ambayo niliikuta kubwa zaidi ni ubavu kua mrefu na mgumu, nafasi ya tairi kujilaza mchangani ukitoa upepo, na meno.

Upana nao si bure. 285 haitakiwi kwenye ringi yangu, ringi zangu ni za upana wa inchi 7, na 285/75R16 inataka kuanzia 7 na nusu. 265/70 inakubali kuanzia 7, kwahivo niko kwenye mpaka wa chini lakini ndani ya mpaka. Alafu mimi namkumbuka marehemu baba na pikapu yake ya Peugeot 504, tairi nyembamba za Yana, zile zilizokua zinatengenezwa Nairobi mpaka kiwanda kikafungwa 2016, na alikua anaingia kwenye tope la masika na kutoka. Tope likiwa na ardhi ngumu chini yake tairi nyembamba inalikata mpaka inafika pagumu, pana inaelea juu na kuteleza. Kwahivo kuna wakati nilikaribia kabisa kuchukua 245/75R16, upana ule ule wa mwanzo, kimo 774, karibu sawa na 265/70, nyepesi zaidi. Kilichonizuia ni kua sikuzipata za aina niliyotaka, na za 265/70 ziko kila mahali, ukichanika Kilifi au Mombasa unapata mwenzake. Hio ya kupatikana ipe uzito kuliko unavodhani.

Kabla ya kununua tulijaribu na gurudumu la Prado ya jirani, lina matundu sita kama yangu na linaingia kwenye gari yangu, na lilikua na 265/70R16. Tukalifunga mbele kushoto, fundi akakata usukani mpaka mwisho huku na huku, nikawa nachomeka kipande cha katoni ya mafuta ya kupikia kati ya tairi na madigadi nione panapobana. Lilitokeza nje kidogo kuliko ringi yangu kwahivo halikua kipimo kamili, lakini lilitosha kutuonyesha kua 265/70 itagusa plastiki ya ndani kidogo tu ukikata mpaka mwisho ukirudi nyuma. Na hapo hapo tukajua 265/75 ingekula ile plastiki kila siku na mimi ningelazimika kukata bodi au kuinua springi. Gari ya mizigo ukiinua springi umeinua na matenga, na kona za kuingia Mtwapa nazijua mimi.

Kitu chengine tulichofanya, na hiki nakupendekeza ufanye maana ni bure: tulichora alama ya chaki kwenye tairi ya zamani na chini kwenye sementi, tukasukuma gari mpaka alama ikarudi chini tena, tukapima kwa futi ya fundi seremala. Mita 2 na sentimita 28. Baadae zilipoingia mpya tukarudia, mita 2 na sentimita 36 na nusu. Yani kwa kila kilomita moja tairi ya zamani inazunguka kama mara 439 na mpya kama mara 423. Tofauti ya asilimia kama 3 nukta 7, sawa kabisa na hesabu ya daftari, na nilifurahi sana kuona chaki na daftari zinasema kitu kimoja.

Sasa aina. Ziko tatu ambazo utaziona zimeandikwa: H/T ni za barabarani, A/T ni za njia zote, M/T ni za matope. Vijana wanapenda M/T kwa sura yake, yale meno makubwa yaliyoachana. Mimi nilizikataa bila kusitasita sana. Kilomita kama 120 za Malindi mpaka Mombasa kwenye lami ya mvua, M/T ina mpira mchache unaogusa chini, inafunga breki kwa umbali mrefu, inapiga kelele, na kwenye mchanga mkavu yale meno yanachimba kama jembe, kile kile kilichonizamisha. A/T meno yake yako karibu karibu, yana vipasuo vidogo vya kushika lami yenye maji, na ukiitoa upepo inalala vizuri. Si tairi ngeni hii, BFGoodrich walianza kuuza ya kwao 1976, na sasa karibu kila kampuni inayo, Yokohama, General, Cooper, Maxxis, wote. Utakuta pia nyengine zina alama ya mlima wenye nyota ya theluji ndani yake. Hio ni ya barafu, huku Malindi usilipie hata shilingi kwa ajili yake.

Nilichokiangalia kuliko jina ni uzito inaobeba. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 112T. 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, T ni mwendo usiozidi 190. Za LT, zile za kazi, zinaandikwa 121/118 na herufi nyuma yake, na 121 ni kilo 1,450. Watu wanaziita plai kumi, na wengi wanadhani ndani kuna matabaka kumi, hapana, siku hizi hilo ni jina la nguvu tu, ndani matabaka ni machache. Mimi nilitafuta ambayo ubavu wake una matabaka matatu, kwa sababu ya yale mawe, na sikujali kua ni ngumu na nzito. Kweli ni nzito: nilitundika gurudumu la zamani kwenye mizani yangu ya maembe, pamoja na ringi, kilo 26. Jipya kilo 31. Kilo tano zaidi kila kona, na unazisikia, hasa breki za mwanzo mwanzo na gari ikiwa tupu kwenye matuta. Kama hubebi mzigo na hupiti kwenye matumbawe, usinunue LT, chukua ya kawaida ya 112, utapanda vizuri zaidi na utaokoa hela.

Kununua kwenyewe kulinichosha. Duka moja la Mombasa nilipoingia kijana aliangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwengine anakuja, akaniuliza "mzee anataka ngapi?" Nikamwambia gari ni yangu, nataka nne, na nataka kuona tarehe kabla hujazifungua karatasi. Mbili zilikua za mwaka ule ule, mbili zilikua za miaka minne nyuma, bei moja. Nikamwambia za zamani nipunguzie, akakataa, nikaondoka. Mwishowe ndugu yangu Nairobi alinizungukia Kirinyaga Road, akawa ananitumia picha za ubavu wa kila tairi, kila namba, mpaka tukapata nne zilizofuatana wiki, zikaja kwa basi. Kila moja ilizidi elfu ishirini, sitasema zaidi ya hapo manake bei inabadilika kila mwezi, lakini jua si hela ndogo, ni maembe mengi sana.

Kuzifunga ikachukua asubuhi nzima. Fundi aliipasha moto ile plastiki ya nyuma ya tairi ya mbele akairudisha ndani, sentimita mbili hivi, haikukatwa chochote. Balansi, alafu alaimenti siku hio hio, usiache alaimenti hata kama usukani unauona umenyooka, tairi mpya inaweza kuliwa upande mmoja kwa miezi miwili. Na ukishaenda kilomita 50 mpaka 100 simama ukaze nati tena. Mimi nilisimama Gongoni nikakuta mbili zimelegea robo mzunguko.

Sasa ziko miezi mitano chini ya gari. Spidomita inadanganya kidogo, ikisema 80 mimi niko 83, kwahivo naendesha nikijua hivo. Na mafuta, hapa wengi wanajipiga bure: mita ya kilomita nayo inahesabu kidogo kuliko ulivotembea. Juzi ilinionyesha 400 na nikajaza lita 42, ukigawanya hivo hivo unapata 9 nukta 5 kwa lita na unalia, lakini nilitembea kama 415, ni 9 nukta 9. Zamani nilikua napata 10 na nusu. Kwahivo zinakula zaidi, ndio, nusu kilomita na kidogo kwa lita, si vile watu wanavotisha. Nguvu ya kuondoka na mzigo imepungua kidogo sana, naisikia kwenye mlima wa kutoka Sabaki tu.

Upepo ndio nimejifunza kuuheshimu. Kile kibandiko cha mlangoni kinasema upepo wa tairi za mwanzo, hizi LT zinataka zaidi kwa mzigo ule ule. Mimi tupu naweka psi 36 zote (psi ndio namba za geji ya upepo), nikijaza nyuma napandisha 45, mchangani nashusha mpaka 20 na sipiti mwendo wa baiskeli, na nikifika pagumu nasimama najaza, nimenunua kile kipampu cha kuchomeka kwenye betri. Usiendeshe lami na upepo wa mchangani hata kilomita kumi, ubavu unajikunja, unapata moto, na moto ndio unaopasua tairi. Mwezi wa kwanza nilirudi kwenye kijito kile kile, na kilo mia saba zile zile. Nikasimama kabla, nikashusha upepo, nikaweka fobaifo ya low, ile ya nguvu na mwendo mdogo, gia ya pili, mguu umetulia. Ikapita kama iko kwenye uwanja. Mtoto wa dadangu alishuka upande wa pili akaenda kuangalia nyayo zetu, hazikua na kina hata cha kiganja.

Kosa langu ni moja na limenigharimu. Nilinunua nne. Spea nikabakisha ile ya zamani, 245, nikasema itatosha kunifikisha. Mwezi uliopita nikapata pancha nyuma kulia, msumari mrefu, ndani kule mbali na Marafa na mzigo uko juu. Nikiweka ile ndogo nyuma na kubwa upande wa pili, kila kilomita moja inazunguka mara 16 zaidi ya mwenzake, na difu ndio inayobeba hio tofauti muda wote ikiwa na mzigo. Na fobaifo nisingethubutu kuiweka kwenye ardhi ngumu na tairi za kimo tofauti, vitu vinajikaza vyenyewe ndani. Kwahivo tulifanya kazi mara mbili: tukatoa tairi nzima ya mbele tukaipeleka nyuma, ile ndogo tukaifunga mbele, jeki juu ya ubao manake chini ni mchanga, tukarudi kilomita 40 polepole usukani ukivuta upande mmoja na nikiomba tusikutane na mchanga wa maana. Hatukukutana.

Ya tano ilifika Ijumaa kwa basi lile lile. Tarehe yake inapishana wiki sita tu na wenzake. Chini ya bodi iligoma kuingia mwanzo, tukaipunguza upepo mpaka 25 ndio ikapanda, kwahivo kile kipampu sasa kinakaa ndani ya gari muda wote, nyuma ya kiti cha dereva, pamoja na ubao wa jeki.